Bastola, jicho na milimita moja: kuelewa vilengeo na vipuri vya kubadilisha

Tuanze na hesabu. Bastola ya Glock 17, kama ilivyotoka kiwandani, ina milimita 165 kutoka kilengeo cha nyuma hadi kilengeo cha mbele. Kilengeo cha mbele ni kile kijino kilichosimama juu ya mdomo wa mtutu. Cha nyuma ni kile kipande chenye pengo, na mlengaji huchungulia kupitia pengo hilo ili akione kijino katikati. Kijino kikisogea milimita moja tu kulia ndani ya pengo, risasi itakayofika mita 25 itakuwa imepotoka karibu sentimita 15. Kwa mtu aliyelenga katikati ya karatasi, hizo zinatosha kuikosa duara nyeusi yote.

Sasa geuza mambo. Vilengeo vikae sawasawa, kijino katikati ya pengo, lakini mkono mzima utetemeke na kuisogeza bastola yote milimita 5 kulia bila kuipinda. Kwa mita 25 risasi itapotoka milimita 5 zilezile. Kosa la kwanza ni la pembe, na pembe hukua kadiri risasi inavyosafiri. Kosa la pili ni la kusogea tu, na halikui. Mtu anayeanza kulenga shabaha huhangaika sana na mtetemo wa mkono, kumbe kinachomwangusha ni ile milimita moja iliyo kwenye ncha ya bastola yake.

Nimetanguliza hesabu hii kwa sababu Marekani kuna soko kubwa mno la vipuri vya bastola: mitutu, triga, springi, mipini, slaidi zilizotobolewa madirisha, magazini marefu, tochi, na vilengeo vya kila namna. Anayeingia humo bila kujua kila kipuri kinatibu ugonjwa gani atatoka na bastola ya gharama mara mbili na shabaha ileile. Katika orodha yote hiyo, vilengeo ndivyo ninavyovitetea bila kusita. Sababu iko kwenye jicho la binadamu, na kiwanda hakiwezi kulifanyia lolote jicho la mnunuzi.

Lenzi ya jicho huona kwa ukali umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwenye bastola anaambiwa aangalie vitu vitatu: pengo lililo karibu na urefu wa mkono, kijino kilicho mbele kidogo ya hapo, na shabaha iliyo mita kumi au ishirini na tano. Haiwezekani kuviona vyote kwa ukali. Ndiyo maana walimu wa kulenga wamesema kwa miaka mingi: kaza jicho kwenye kilengeo cha mbele, shabaha iachie ukungu. Ukirudi kwenye ile hesabu ya pembe utaona kwa nini wako sahihi. Kijana wa miaka ishirini hufanya hivyo bila kufikiri. Baada ya arobaini lenzi huwa ngumu, misuli ya jicho inashindwa kuibadilisha umbo, na kile kijino kilichokuwa kikali kama ncha ya sindano kinageuka kivuli chenye kingo za pamba. Mimi nimeshauvuka umri huo. Najua hasira ya kujua cha kufanya huku jicho likikataa.

Kuna kipande cha historia hapa. Bastola iliyosanifiwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 ilikuwa na vilengeo vidogo mno, kijino chembamba na pengo ambalo hulioni kwenye mwanga hafifu. Wapiga shabaha walipoanza kushindana nayo, kazi ya kwanza waliyowapelekea mafundi wa bunduki ilikuwa kuling'oa lile pengo na kuweka kubwa lenye skrubu za kurekebishia. Mwaka 1976, wanamichezo waliokutana Columbia, Missouri, wakiongozwa na mkufunzi wa bastola Jeff Cooper, walianzisha IPSC, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha kwa vitendo. Mashindano yao ya kukimbia, kusimama na kulenga kwa saa ndiyo yaliyoiharakisha biashara yote hii ya vipuri. Kila sekunde iliyookolewa ilikuwa na bei, na fundi aliyeokoa nusu sekunde alipata wateja.

Glock ilipofika Marekani katikati ya miaka ya 1980, ikitokea Austria ambako jeshi lilikuwa limeichagua miaka michache kabla, ilikuja na vilengeo vya plastiki: kijino chenye nukta nyeupe na pengo lililozungushiwa mstari mweupe. Vinafanya kazi. Lakini plastiki hulika kwa kuingia na kutoka kwenye ala, na anayesugua bastola ukingoni mwa meza anaweza kuvivunja vilengeo hivyo. Wamiliki wengi huanza kubadilisha hapo.

Vilengeo vya chuma vinavyouzwa mbadala viko vya aina tatu. Aina ya kwanza ni vyeusi tupu, mbele na nyuma, bila nukta yoyote. Wachezaji wa shabaha ya taratibu huvipenda kwa kuwa jicho halivutwi na rangi. Linatazama kingo na mistari miwili ya mwanga, mmoja kila upande wa kijino. Hapo upana wa kijino una maana kubwa. Kijino chembamba kwenye pengo pana kinaacha mwanga mwingi pembeni, unakipata haraka. Kijino kinene kinachojaza pengo kinakupa usahihi ukiwa na muda, lakini kwa haraka kinakunyima.

Aina ya pili ina kijiti cha plastiki angavu, chekundu au kijani, kilicholazwa ndani ya kijino. Kijiti hukusanya mwanga wa jua ubavuni mwake na kuutolea kwenye ncha inayomtazama mlengaji, kwa hiyo mchana kinawaka kana kwamba kina betri. Usiku hakina kitu, kwa sababu hakizalishi mwanga wake. Na hukatika, mwenye navyo hutembea na kipande cha akiba na kiberiti cha kuyeyushia ncha.

Aina ya tatu ni ya usiku, na siri yake ni tritiamu. Hiyo ni haidrojeni yenye nyutroni mbili, iliyofungiwa kwenye kichupa kidogo cha kioo kilichopakwa ndani unga maalumu unaoweza kung'aa. Tritiamu ikioza hutoa elektroni, elektroni zinaugonga unga, unga unang'aa. Mionzi hiyo ni dhaifu, haitoki nje ya kioo. Lakini tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Bastola iliyonunuliwa mpya leo, miaka kumi na miwili baadaye vilengeo vyake vitawaka nusu, na miaka ishirini na mine baadaye robo. Mtu akinunua bastola iliyotumika, yenye vilengeo vya usiku visivyoonekana, asilaumu macho yake kabla hajatazama mwaka uliochapwa kwenye vilengeo hivyo.

Aina zote tatu, hata hivyo, zinaliacha jicho na tatizo lake la vitu vitatu kwa wakati mmoja. Nukta nyekundu ndiyo iliyoliondoa.

Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha umeme mwaka 1975. Wazo lake ni rahisi ukilichora. Nyuma kuna taa ndogo ya LED. Mbele kuna lenzi iliyopinda, iliyopakwa utando unaorudisha nyuma rangi nyekundu ya taa hiyo na kuziachia rangi nyingine zipite. Mwanga wa taa unagonga lenzi na kurudi kwenye jicho ukiwa umenyooka, miale yake sambamba, kama mwanga unaotoka kwenye kitu cha mbali sana. Kwa hiyo jicho linaiona nukta ikiwa kulekule kwenye shabaha. Hukazi jicho kwenye chuma tena. Unaangalia shabaha, nukta inatua juu yake. Vitu vitatu vimekuwa kimoja.

Mwaka 1990, Doug Koenig alishinda ubingwa wa dunia wa IPSC huko Adelaide, Australia, akitumia nukta nyekundu. Vilengeo vya enzi hiyo vilikuwa mabomba makubwa yaliyofungwa kwenye kiunzi cha bastola. Ugumu uliobaki ulikuwa kukifanya kilengeo kiwe kidogo kiasi cha kukaa juu ya slaidi, kile kipande cha juu kinachorushwa nyuma na kurudi mbele kila risasi inapotoka. Elektroniki ndogo ndani ya kitu kinachopigwa namna hiyo ilikuwa ikifa haraka: waya unakatika, betri inaruka, lenzi inapasuka. Kampuni ya Trijicon ilipotoa kilengeo cha nukta kiitwacho RMR mwaka 2009, yenye mwili wa alumini na uzito wa takribani gramu 34, mafundi walianza kuchonga slaidi za wateja ili waizamishe humo. Mwaka 2015 Glock wenyewe walileta toleo la MOS, slaidi iliyokwisha kuchongwa kiwandani. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likachagua bastola ya SIG Sauer, iliyopewa jina la M17, nayo slaidi yake imeandaliwa kupokea nukta.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hakuna umbo moja la kitako cha kilengeo cha nukta ambalo watengenezaji wote wamekubaliana. RMR ina mpangilio wake wa matundu ya skrubu na vijishimo. DeltaPoint Pro ya Leupold ina mwingine. Vile vidogo vya bastola nyembamba vinafuata mpangilio wa kampuni ya Shield. Kilengeo cha aina moja hakikai kwenye slaidi iliyochongwa kwa ajili ya aina nyingine. Slaidi za kiwandani kama MOS huja na sahani nyembamba za kuunganishia: unachagua sahani inayolingana na kilengeo chako, unaifunga kwenye slaidi, kisha unafunga kilengeo juu ya sahani. Njia hiyo inakupa uhuru, lakini sasa una tabaka mbili za skrubu, na kila tabaka ni mahali pa kulegea. Fundi anayechonga slaidi moja kwa moja kwa ajili ya kilengeo kimoja anakupa kitu kilichokaa chini zaidi na imara zaidi, ila umejifunga nacho. Kwa bastola ya kuchezea mashindano wikendi, sahani inatosha. Kwa bastola ambayo mtu anaitegemea kwa maisha yake, ningemshauri achonge.

Skrubu zenyewe zina mambo yake. Zikiwa ndefu kupita kiasi, kwenye slaidi ya Glock ile ya upande wa kulia inaweza kushuka hadi kubana kijiti kinachosukuma kile kindoano cha kuvutia ganda, na bastola ikaanza kubakiza maganda ndani. Mwenyewe atadhani ni risasi mbovu, atabadilisha springi, atabadilisha magazini, na kumbe ugonjwa ni skrubu ya milimita moja zaidi. Zikiwa fupi zinashika nyuzi mbili tatu na kung'oka. Zifungwe kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, na tone la gundi ya nyuzi baada ya kufuta mafuta yote. Kisha mafundi huchora mstari kwa kalamu ya rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mistari ikiachana, skrubu imezunguka. Alama ya kalamu haimgharimu mtu chochote, na imewaokolea wengi siku nzima ya mazoezi.

Nukta ina ukubwa pia. Hupimwa kwa dakika ya pembe, yaani moja ya sitini ya digrii, ambayo kwa mita 25 hufunika kama milimita 7.3. Nukta ya dakika 3.25 kwa umbali huo inafunika milimita 24 hivi. Ya dakika 6.5 inafunika karibu 47. Ndogo inatoa usahihi wa mbali. Kubwa inaonekana haraka. Kwa bastola, ambayo kazi yake ni ya karibu, sioni ubaya wa nukta kubwa.

Kuna watu wanaoiona nukta kama nyota iliyopasuka, au kama koma, na wanakirudisha kilengeo dukani wakisema ni kibovu. Mara nyingi ni astigmatizimu: konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haikupinda sawa pande zote. Kipimo chake ni simu. Piga picha kupitia kile kioo. Kama nukta kwenye picha ni duara safi, kilengeo ni kizima na jicho ndilo linalotaka miwani.

Mwezi wa kwanza na nukta nyekundu hukatisha tamaa. Mtu anainua bastola na nukta haipo, anaizungusha bastola hewani akiitafuta kama anayetafuta stesheni ya redio. Kwenye vilengeo vya chuma, ukikosea kuinyanyua bastola unakiona kijino kimeegemea upande na unarekebisha. Nukta haitoi onyo. Ipo kwenye dirisha au haipo. Mkono na kiwiko vinapaswa kujifunza kuileta bastola mahali palepale kila mara, na hilo hupatikana kwa mazoezi makavu nyumbani, bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine. Tena nukta hutikisika, na mgeni anashtuka. Mkono wake ulikuwa unatikisika vilevile siku zote; sasa ndiyo anauona.

Vipuri vingine nitavipitia haraka, isipokuwa triga.

Mtutu wa gharama hauna faida kubwa kwa wengi. Bastola nyingi za kisasa, zikifungwa kwenye mashine, huweka risasi ndani ya sentimita 10 au chini kwa mita 25. Ni wachache ambao mikono yao inafikia hapo. Madirisha yanayotobolewa kwenye slaidi hupunguza uzito wake na kubadilisha kasi inayorudi nayo nyuma. Springi iliyopimwa kwa slaidi nzito sasa inasukuma slaidi nyepesi. Kipunguza mruko kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu huelekeza gesi juu ili mdomo usipande, lakini gesi na uzito huo vinainyima slaidi nguvu ya kurudi. Kwa risasi dhaifu bastola itakwama. Mpini uliobandikwa msasa, kwa upande mwingine, ni kitu cha bei ndogo na kinasaidia sana mikono yenye jasho.

Triga ya kiwandani ya Glock hufyatuka kwa nguvu ya kama kilo 2.5. Ukweli ni kwamba triga nyepesi humsaidia mtu, kwa kuwa kidole kinachosukuma kwa nguvu huisogeza bastola, na tumeona milimita moja inafanya nini. Lakini ndani ya bastola ya aina hii vile vizuizi vya usalama vinashirikiana vipande na triga: kimoja huzuia pini ya kupigia risasi isisogee mbele, kingine huzuia triga isirudi nyuma bastola ikianguka. Ukimkabidhi msasa fundi asiyejua, anaondoa uzito na anaondoa pia ule ukingo unaoshikilia.

Mwaka 2017 ulitoa somo la wazi. Watu walionyesha kwamba bastola ya SIG P320 iliyouzwa kwa raia ingeweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, na mwezi Agosti kampuni ikatangaza mpango wa hiari wa kuzirekebisha. Moja ya marekebisho ilikuwa triga nyepesi, yaani yenye uzito mdogo wa chuma. Bastola ikigonga sakafu kwa mgongo, mwili wake unasimama ghafla na triga inaendelea kwenda kwa uzito wake yenyewe. Triga nzito inajivuta bila kidole. Anayebandika triga ya chuma cha mapambo kwenye bastola iliyosanifiwa kwa triga ya plastiki anapaswa kuijua fizikia hiyo. Kwa bastola ya kubebwa kiunoni, mimi triga naiacha kama ilivyo.

Sheria ya Marekani ndiyo iliyoliwezesha soko hili. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, kiunzi chenye namba ndicho kinachohesabiwa kuwa silaha. Mtutu, slaidi, triga na vilengeo vinaweza kuagizwa kwa posta, ingawa majimbo kadhaa yameweka masharti yao juu ya hapo. Kuna mipaka migumu lakini. Ukiifunga bastola kitako cha begani, kwa sheria ya mwaka 1934 umetengeneza bunduki yenye mtutu mfupi, na bila kibali ni kosa la shirikisho. Kile kifaa kidogo kinachoifanya bastola ifyatue mfululizo huhesabiwa chenyewe kuwa bunduki ya rashasha, na adhabu yake inafika miaka kumi jela. Ndugu aliye Minneapolis au Dallas asidhani kwamba kinachouzwa kwenye mtandao lazima kiwe halali. Naye aliye Kenya ajue kwamba sheria ya silaha ya huko, Sura ya 114, inafuata mtindo wa Kiingereza, ambapo kipande cha silaha kinaweza kuhesabiwa kuwa silaha. Asiagize mtutu kama anavyoagiza kava ya simu.

Kilengeo kikishafungwa hakijui bado risasi inakwenda wapi, kwa hiyo kinapatanishwa na mtutu uwanjani. Weka bastola juu ya mfuko wa mchanga, karatasi mita 25, risasi tano bila kuharakisha. Usiguse skrubu baada ya risasi moja, maana moja haisemi kitu. Tazama katikati ya kundi la matundu. Kwa vilengeo vya chuma, cha nyuma husogezwa kuelekea unakotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake: risasi zikipiga chini unahitaji kijino kifupi zaidi. Kwa bastola yenye milimita 165 kati ya vilengeo, sentimita 10 chini kwa mita 25 hurekebishwa kwa kupunguza kijino milimita 0.66. Kwa nukta ambayo kila mbofyo ni dakika moja ya pembe, matundu yaliyo sentimita 5 kushoto yanataka mibofyo saba kulia.

Kisha sogeza karatasi hadi mita 5 na ufyatue tena. Nukta inakaa karibu sentimita 3 juu ya mtutu, kwa hiyo hapa risasi zitatoboa sentimita mbili na ushei chini ya ulipolenga. Usirekebishe kitu. Ziweke alama kwenye karatasi hiyo, andika umbali, uihifadhi pamoja na bastola.